Spika mbili zinazogoma kuwa jozi: tatizo la stereo isiyo na waya liko wapi hasa

Wengi wanaolalamika kwamba spika zao mbili zimegoma kupiga stereo hupambana na simu. Wanazima Bluetooth na kuiwasha, wanawasha simu upya, wanaazima simu ya mwingine, na mwishowe wanatoa hukumu kwamba spika ya pili ni mbovu. Mara nyingi simu haina kosa na spika ya pili ni nzima. Tatizo liko mahali ambapo hawajapaangalia, yaani kati ya spika na spika.

Kuunganisha simu na spika ni kazi moja. Kuunganisha spika mbili ziwe jozi ni kazi nyingine kabisa, yenye vitufe vyake na masharti yake, na kwa kawaida ndiyo inayotakiwa kutangulia. Vijikaratasi vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi vina michoro mingi na maneno machache, na jambo hili havilisemi waziwazi. Mtu akizichanganya kazi hizo mbili atabonyeza mpaka kidole kiume.

Stereo ni nini, na nini si stereo

Stereo ni sauti yenye njia mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazopigwa kwa wakati mmoja lakini zisizofanana. Mhandisi wa Kiingereza Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya santuri ya EMI, aliiombea hataza mwaka 1931, ingawa santuri za stereo zilikuja kuuzwa kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika rekodi ya namna hiyo gitaa linaweza kuwekwa zaidi upande mmoja na kinanda upande wa pili, huku sauti ya mwimbaji ikiwekwa sawa kwa sawa pande zote. Ndiyo maana ukikaa katikati ya spika mbili zinazofanya kazi vizuri unamsikia mwimbaji akiwa mbele yako, mahali ambapo hapana spika yoyote.

Mono ni njia moja tu. Spika kumi zikipiga mono bado ni mono, hata kama majirani watahama.

Katikati ya hizo mbili kuna kitu cha tatu kinachochanganya watu kuliko vyote: spika mbili au zaidi kuungana na kupiga zote kitu kilekile. Watengenezaji wengi hukiita hali ya sherehe, na kwenye spika za Wi-Fi hukiita kikundi au muziki wa vyumba vingi. Sauti inaongezeka na kuenea, lakini kushoto na kulia havijagawanywa. Mtu akisikia spika zote mbili zinaimba hudhani stereo imekubali, kisha anashangaa mbona hasikii tofauti aliyoahidiwa. Mwingine kitufe cha sherehe ndicho alichokuwa akibonyeza tangu mwanzo, akidhani ndicho cha stereo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ubovu, hakikisha kwanza unajua umeomba kipi kati ya hivyo viwili.

Simu huongea na spika moja

Utaratibu wa Bluetooth uliozoeleka kupeleka muziki unaitwa A2DP. Unachofanya ni kupeleka mkondo mmoja, wenye kushoto na kulia ndani yake, kwa mpokeaji mmoja. Haukutungwa kwa ajili ya kumpa mpokeaji huyu kushoto na yule kulia.

Sasa spika mbili hupataje stereo? Kwa ujanja wa watengenezaji. Simu inapeleka wimbo mzima kwa spika moja, tuiite spika kuu. Spika kuu inabaki na upande wake na kuupitisha upande wa pili kwa mwenzake kupitia kiungo chao wenyewe, kiungo ambacho simu haikioni wala haikijui. Kwa macho ya simu kuna spika moja tu chumbani.

Kutokana na hapo mambo kadhaa yanaeleweka bila kukaririshwa. Ukiingia kwenye orodha ya Bluetooth ya simu na kugusa jina la spika ya kwanza, kisha jina la ya pili, hujaunda jozi. Mara nyingi umefanya kinyume chake: umeishika spika ya pili kwa simu wakati ilipaswa kuwa huru imsikilize mwenzake. Hili, kwa maoni yangu, ndilo kosa linaloongoza, na linafanywa na watu makini kabisa kwa sababu linaonekana kuwa la busara. Spika mbili, majina mawili, gusa yote mawili.

Na hapa ndipo uvumi wa Bluetooth 5 unapoingia. Utasikia kwamba simu na spika zote zikiwa na Bluetooth 5 stereo inakubali yenyewe. Si kweli. Toleo hilo lilitoka Desemba 2016, na maboresho yake makubwa yalihusu ule upande wa Bluetooth unaotumia umeme kidogo (Low Energy, kwa kifupi LE): masafa marefu zaidi na kasi zaidi. A2DP ilibaki vilevile, mkondo mmoja kwa mpokeaji mmoja. Uvumi ulipata nguvu Samsung ilipoanza kuuza Galaxy S8 mwaka 2017 ikiwa na uwezo uitwao Dual Audio, ambao unaruhusu simu kupiga kwenye vifaa viwili. Lakini simu hapo inafungua viungo viwili na kupeleka wimbo mzima kwa kila kimoja. Kila spika inapiga kushoto na kulia vikiwa pamoja. Ni hali ya sherehe iliyohamia ndani ya simu.

Mfumo wenye uwezo wa kugawa pande kweli ni LE Audio, uliojengwa juu ya Bluetooth 5.2 ya mwaka 2020. Huo unaweza kupeleka mikondo tofauti iliyolinganishwa muda kwa vifaa tofauti. Sharti lake ni kwamba simu na spika zote ziwe nao, na uwe umewashwa. Kuona namba 5.2 au 5.3 kwenye boksi hakutoshi, kwa sababu kifaa kinaweza kubeba namba hiyo bila kuwa na LE Audio.

Kwa nini spika za ukoo mmoja hukataana

Kile kiungo cha spika na spika hakina lugha moja ya dunia nzima. Kila kampuni ilitunga yake. Spika ya kampuni hii haiwezi kuwa jozi na ya kampuni ile, na hata ndani ya kampuni moja lugha hubadilika. JBL ni mfano mzuri: imepitia lugha zake Connect, Connect+ na PartyBoost, na sasa iko kwenye Auracast, ambayo si utunzi wake bali ni sehemu ya LE Audio. Spika yake ya Charge 4 inatumia Connect+, Charge 5 inatumia PartyBoost, Charge 6 inatumia Auracast. Zinafanana umbo, zina jina moja, na ukiziweka mezani kila moja itaimba peke yake. Hakuna sasisho la programu linalozipatanisha.

Watu wanaikubali hoja hiyo. Wanachokataa ni sharti la pili, kwamba hata zikiwa na lugha moja, stereo inataka spika mbili za modeli ileile. Mbona hali ya sherehe inachanganya kubwa na ndogo bila shida? Wengi huamini ni mbinu ya kuuza spika zaidi. Sitakataa kwamba biashara inafaidika, ila kuna sababu ya kweli, nayo ni muda.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unajua sauti imetokea upande gani kwa kulinganisha sikio lipi limefikiwa kwanza, na tofauti kubwa kabisa kati ya masikio mawili ni kama milisekunde 0.7. Spika moja ikitangulia nyingine kwa milisekunde moja tu, ni kana kwamba umeisogeza karibu nawe kwa sentimita 34, na yule mwimbaji aliyekuwa katikati anahamia upande huo. Ikitangulia kwa milisekunde kumi, ubongo unaamini sauti nzima inatoka kwenye ile iliyotangulia. Hapo stereo imekufa, ingawa spika zote zinalia. Kwenye hali ya sherehe milisekunde kumi hizo hakuna anayezihisi. Tofauti ikizidi kukua ndipo mtu huanza kusikia mwangwi.

Modeli mbili tofauti hazichakati sauti kwa muda sawa. Wapiga kasia wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia, mmoja ana mikono mirefu na mwenzake mifupi: mtumbwi utakwenda, lakini hautakwenda moja kwa moja. Ongeza kwamba spika kubwa ina besi nzito kuliko ndogo, ngoma zote zitavutwa upande wake. Basi mtengenezaji huamua kufunga mlango.

Apple wameufunga kabisa. Spika yao ya HomePod ya kizazi cha kwanza haiwi jozi na ya kizazi cha pili, na wala hakuna kati yake inayokubali HomePod mini. Kampuni ya Sonos wameacha upenyo mdogo: spika zao za One na One SL zinakubaliana, kwa kuwa tofauti yao kubwa ni maikrofoni tu, lakini One na Play:1 hazipatani ingawa ukizitazama kwa mbali utadhani ni mapacha. Soma namba ya modeli iliyoandikwa chini ya spika, usiamini umbo.

Kuunda jozi, taa kwa taa

Tuseme una spika mbili za modeli moja na zimekataa. Jambo la kwanza si kubonyeza chochote kwenye spika. Fungua orodha ya Bluetooth ya simu na uzifute zote mbili. Fanya hivyo pia kwenye kompyuta, kishikwambi, televisheni na simu ya kila mtu nyumbani aliyewahi kuzitumia, au angalau zima Bluetooth ya vifaa hivyo kwa muda. Spika hukumbuka vifaa vya zamani. Ukiiwasha tu, kishikwambi kilicho chumba cha pili kinainyakua kabla hujanyanyua kidole, na spika iliyonyakuliwa haisikii wito wa mwenzake.

Chaji zote mbili. Spika yenye betri karibu kwisha inaweza kuwaka, ikaongea, na bado ikakataa kuwa jozi. Kisha ziweke kando kwa kando, mita moja hivi, uziwashe.

Sasa angalia taa, kwa sababu taa ndiyo inayokuambia ukweli. Kwenye spika nyingi ndogo, taa ya buluu inayopepesa harakaharaka maana yake spika inatafuta simu. Zote mbili zikipepesa hivyo zote zinatafuta simu, wala hakuna inayomtafuta mwenzake. Unapobonyeza kitufe cha jozi kwenye ile unayotaka iwe kuu (kwenye modeli nyingine ni kubonyeza kitufe cha Bluetooth mara mbili, kwenye nyingine ni kushika vitufe viwili pamoja, hapo hakuna njia ila kusoma karatasi), subiri bila kugusa kitu. Baada ya sekunde chache kwa kawaida husikika mlio, taa ya spika ya pili inabadilika au inatulia, na ile kuu peke yake inaendelea kupepesa. Hapo ndipo simu inaingia. Fungua orodha: unatakiwa kuona jina moja. Ukiona majina mawili jozi haijaundwa, hata kama umesikia mlio. Usiguse lolote, rudi nyuma.

Baadhi ya spika huunda jozi kwa programu ya kampuni, si kwa kitufe. Kwa hizo, utaratibu unageuka: simu huunganishwa kwanza na spika moja, kisha programu ndiyo huita ya pili na kukuuliza ipi ni kushoto. Programu hiyo ikisema haioni spika ambayo inaimba mbele yake, tazama ruhusa za simu. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya vifaa vilivyo karibu, na kwenye Android za nyuma programu ya kutafuta vifaa vya Bluetooth ilihitaji ruhusa ya mahali ulipo. Aliyebofya kataa siku ya kwanza, kwa hofu ya kufuatiliwa, ameipofusha programu bila kujua.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana: programu endeshi za spika zenyewe. Uliyonunua mwaka jana na uliyonunua leo ni modeli moja, ila moja imesasishwa na nyingine bado. Sasisha kila moja peke yake, kabla ya kuziunganisha.

Vipi kuhusu kurejesha mipangilio ya kiwandani? Inasaidia, ila ifanye kwa zote mbili. Ukifuta kumbukumbu ya moja tu, nyingine inabaki ikimsubiri mwenzi wa zamani, na utajikuta na tatizo jipya juu ya lile la kwanza.

Jozi ikikubali kisha ikawa inakatika, sikiliza ni ipi inayokatika. Ikiwa ni spika ya pili peke yake, kiungo dhaifu ni kile cha spika na spika: zisogeze, ondoa kabati au ukuta uliokaa katikati. Zikikatika zote kwa pamoja, simu ndiyo iliyo mbali na spika kuu, au iko mfukoni na mwili wako umejaa maji yanayomeza mawimbi ya Bluetooth. Bluetooth hutumia eneo la 2.4 GHz, ambalo Wi-Fi hulitumia pia, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi papo hapo. Hata kifaa cha USB 3 kilichochomekwa karibu kinaweza kumwaga kelele eneo hilo.

Spika za Wi-Fi ni mambo mengine

Kwenye spika za Wi-Fi simu imeshuka cheo. Ni rimoti tu. Spika huvuta muziki zenyewe kupitia ruta, na huonana zenyewe kwa kupiga wito ndani ya mtandao wa nyumbani: mimi niko hapa, nani mwingine yupo? Wito huo ukizuiwa jozi haiundwi, hata kama kila spika ikiulizwa peke yake inajibu kwamba ina intaneti safi.

Ndiyo maana kasi ya intaneti si hoja hapa. Muziki wa ubora wa CD bila kubanwa ni megabiti 1.4 tu kwa sekunde. Kuongeza kifurushi hakutazipatanisha spika mbili zisizoonana.

Kinachozuia wito mara nyingi ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi huwatenganisha wageni wasionane, na hiyo ndiyo kazi yake, hivyo spika iliyounganishwa huko ni kipofu. Wengine wana kifaa cha kurefusha Wi-Fi kilichounda mtandao wa pili wenye jina lake, spika moja iko huku na nyingine kule. Ruta yenye majina mawili, moja la 2.4 GHz na moja la 5 GHz, kwa kawaida huyahesabu yote kuwa mtandao mmoja, lakini ziko zinazotenganisha, kwa hiyo ziweke spika zote na simu kwenye jina moja wakati wa kuunda jozi. Kumbuka pia kuna spika zisizojua 5 GHz kabisa. Katika mipangilio ya ruta tafuta kipengele kinachotenga vifaa visionane, ukizime.

Kwenye simu, zima VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye mtandao mwingine. VPN nyingi huuchukua mzigo wote na kuupeleka nje, na programu ya spika inaachwa ikitafuta mahali pasipo na kitu. Wenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020 kila programu huomba ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani, na hapa pia wengi walikataa bila kusoma.

Baada ya marekebisho hayo washa upya kwa mpangilio: ruta kwanza, isubiri itulie, kisha spika zote mbili, simu mwisho.

Kuna mtego mmoja zaidi. Spika nyingi za Wi-Fi zina Bluetooth pia, na programu hutumia Bluetooth kuzigundua siku ya kwanza. Mtu akishazoea hapo huendelea kupiga muziki kwa Bluetooth. Kwa baadhi ya modeli jozi iliyoundwa kwa Wi-Fi haifuati upande huo: wimbo utatoka spika moja na nyingine itanyamaza, bila ubovu wowote.

Jozi imekubali, stereo haisikiki

Simu janja karibu zote zina swichi ya sauti ya mono, imefichwa kwenye mipangilio ya ufikivu kwa ajili ya wanaosikia kwa sikio moja. Ikiwashwa, kushoto na kulia huchanganywa ndani ya simu kabla havijafika popote. Wengi waliiwasha siku earphone ya upande mmoja ilipokufa wakaisahau. Karibu na swichi hiyo kuna kitelezi cha uwiano. Kikisukumwa hadi mwisho, spika moja itakuwa bubu.

Pima kwa sauti ya majaribio inayotamka kushoto kisha kulia, si kwa wimbo wowote uupendao. Rekodi za zamani nyingi ni mono tangu studio, na video nyingi zilizorekodiwa kwa simu hazina tofauti ya maana kati ya pande mbili. Jaribio likisema kushoto na sauti ikatoka kulia, badilisha pande kwenye programu, au nyanyua spika na uzibadilishe nafasi.

Na ikiwa spika zako ni modeli mbili tofauti, acha kuzilazimisha ziwe jozi. Ziunganishe kwa hali ya sherehe kama zina lugha moja, kisha weka moja sebuleni na nyingine chumba cha pili. Huko milisekunde chache hazimsumbui mtu.